Simu za Wasomi Hupanda Cheo, Hazipandi Mlima

Msomi wa nchi hii huwakumbuka wenzake wa chuo kwa mambo mawili: uteuzi na msiba. Mwenzake akiteuliwa kuwa mkurugenzi, simu humiminika siku hiyo hiyo, na hata yule ambaye hawakuwahi kusalimiana vizuri hukumbuka jina lake la utani la bwenini. Mwenzake akifariki, kundi la WhatsApp lililolala miezi sita huamka ghafla, orodha ya rambirambi hupangwa, na picha ya marehemu akiwa kijana wa miaka ishirini na miwili huzungushwa. Kati ya uteuzi na msiba kuna miongo mitatu ya ukimya. Tumezoea kuusingizia ukimya huo umbali na wingi wa kazi. Mimi nasema tumeuchagua. Tunawasiliana sana, ila tunawasiliana kwa kutazama juu.

Anayetaka ushahidi na aende Same. Mji uko chini, kwenye ukame, kando ya barabara kuu iendayo Moshi na Arusha. Juu yake iko milima ya Upare: Suji, Mbaga, Chome, Mamba, hadi kilele cha Shengena chenye mita 2,462. Milima hii ilipokea shule za misheni mapema katika karne iliyopita, nayo imelipatia taifa walimu, wahasibu, wanasheria na wanazuoni wengi. Walio wengi waliposoma walishuka, wakatawanyika Dar es Salaam, Dodoma na ng'ambo. Wapo waliosoma kisha wakapanda tena, wakashika chaki kwa miaka thelathini na zaidi, wakastaafu huko huko. Hawa ndio wenzetu ambao simu zetu haziwafikii.

Tuanze na kizazi kilichotutangulia. Azimio la Musoma la Novemba 1974 lilitaka kila mtoto wa Tanzania aliyefikia umri wa shule awe darasani ifikapo Novemba 1977. Vyuo vya ualimu vilivyokuwapo visingeweza kutoa walimu wa kutosha kwa muda huo. Vijana waliomaliza darasa la saba wakachukuliwa, wakafunzwa ualimu huko huko vijijini, nusu siku wakiwa wanafunzi na nusu siku wakiwa walimu. Taifa likawalipa kwa kejeli: UPE, likasema, maana yake ni Ualimu Pasipo Elimu. Walioibeba kejeli hiyo ndio waliowafundisha a-e-i-o-u watu ambao leo wana shahada za uzamivu. Kijana wa miaka kumi na minane wa mwaka 1976 leo ni mzee. Baadhi ya wenzake waliendelea kujisomea, wakapata stashahada, kisha shahada, kisha ofisi yenye kiyoyozi. Waliosoma pamoja kwa taa ya chemli wametenganishwa na ngazi ya mshahara.

Ukimya huu una gharama, na gharama yake inahesabika. Chukua suala la mafao. Mwaka 2018 mifuko ya pensheni ya watumishi wa umma iliunganishwa kuwa PSSSF. Kanuni mpya zikashusha mafao ya mkupuo hadi asilimia 25, watumishi wakalalamika, na mwezi Desemba mwaka huo huo Rais Magufuli akazisitisha. Julai 2022 kikaja kikokotoo cha asilimia 33. Mwaka 2024 Serikali ikatangaza asilimia 40 kwa waliokuwa wakipata 50 hapo awali, na 35 kwa waliokuwa kwenye 25. Sasa fikiria walimu wawili waliohitimu chuo kimoja, siku moja, wakaajiriwa mwezi mmoja. Mmoja alistaafu kabla ya Julai 2022, mwingine baada yake. Wameondoka kazini na mikupuo isiyofanana. Nani amemweleza wa pili kwa nini imekuwa hivyo? Nani amemsaidia kukagua kama michango yake yote imeingia? Mtaalamu wa hesabu hizo huenda alilala kitanda cha juu yake chuoni. Yuko Dodoma, namba yake ipo, ila hawajazungumza tangu mahafali.

Najua pingamizi litakalotolewa, nalo ni la haki: je, mitandao ya waliosoma pamoja si ndiyo mzizi wa kubebana? Si ndiko zabuni zinakogawiwa na ajira zinakonong'onwa? Ndiyo, na ndiyo maana nasema simu zetu hupanda cheo. Kubebana ni kumpigia aliye juu ili akuvushe foleni. Ninachodai ni kinyume chake: aliye juu ampigie aliye chini amweleze foleni iko wapi, inahitaji nyaraka gani, na haki yake ni ipi. Taarifa sahihi si upendeleo. Mtumishi wa umma anayemweleza mstaafu taratibu za uhakiki wa pensheni hajavunja sheria yoyote. Anayekaa kimya huku akiijua taratibu hiyo naye hajavunja sheria, lakini asijiite rafiki.

Pingamizi la pili husema kwamba uzee ni jambo la familia. Familia ipi? Watoto wa mwalimu wa mlimani nao walishuka, kama sisi tulivyoshuka. Wanampenda mzazi wao na wanamtumia fedha, lakini hawawezi kuzungumza naye juu ya mwaka 1985. Kuna sehemu ya maisha ya mtu ambayo mashahidi wake ni wale tu waliokuwa na umri wake wakati ule. Wakinyamaza, sehemu hiyo hufa kabla ya mwenyewe. Kumtumia mjane wake rambirambi baadaye ni kulipa deni kwa asiyekuwa mdai.

Wapare wana somo juu ya hili, nalo limechimbwa ardhini. Ndiva ni bwawa dogo la udongo linalokusanya maji ya kijito usiku ili mchana yafunguliwe kwa zamu yaende mashambani. Tope hujaa ndani yake kila mwaka, na wenye zamu huitana kwa msaragambo kulitoa. Kazi hiyo haingoji kiangazi kiwake. Ndiva isiyosafishwa haitaweka maji siku ya ukame, hata wenyewe wakilia kiasi gani kandokando yake. Urafiki wa chuo nao hujaa tope. Sisi tumeamua kulitoa siku ya mazishi.

Basi tuache maneno matamu. Kila darasa liandike daftari la walio hai: nani yuko wapi, nani amestaafu, nani anaumwa, nani hana simu janja. Walio mjini wagawane majina ya walio mbali, kila mmoja apige simu walau mara moja kwa mwezi bila kuwa na shida wala tangazo. Mfuko wa darasa utenge fungu la wagonjwa na wapweke kabla ya fungu la majeneza. Na mkutano wa mwaka uache kumbi za Dar es Salaam, upelekwe Mamba au Chome, ili kwa mara moja nauli ailipe mwenye uwezo.

Mwaka 1945 maelfu ya Wapare waliteremka kutoka milimani wakapiga kambi Same, makao makuu ya wilaya, kuikataa kodi ya mbiru. Waliteremka kwa sababu wenye mamlaka hawakuwasikia wakiwa juu. Walidumu katika mgomo wao hadi kodi ile ikaondolewa. Wazee ninaowataja hapa magoti yao hayawezi tena kuteremka, na wanaopaswa kuwasikia ni wenzao wa darasa. Ewe mtumishi, ewe mwanaharakati, nawe mwanafunzi unayehitimu mwaka huu: fungua orodha ya namba zako, umtafute mwenzako asiye na cheo cha kukupa, umpigie leo angali anapokea.