Jela ya Stanford ilianzia kwenye zoezi la darasani

Mwanafunzi anayeanza saikolojia, awe Dar es Salaam, Nairobi au California, hachelewi kukutana na habari za jela ya Stanford. Agosti 1971 Profesa Philip Zimbardo aliwachagua vijana 24 walioitikia tangazo la gazetini, akawaahidi dola 15 kwa siku na kuwagawa kwa kurusha sarafu: hawa wafungwa, wale askari jela. Jela yenyewe ilitengenezwa chini ya jengo la idara ya saikolojia. Jaribio lililopangwa kudumu wiki mbili lilivunjwa siku ya sita, wafungwa wakiwa wamedhalilishwa na baadhi yao wameshatolewa kwa kuelemewa. Tangu hapo kisa hicho kimesimuliwa kama ushahidi kwamba mtu wa kawaida akivikwa sare na kupewa mamlaka hugeuka katili.

Sehemu isiyosimuliwa ndiyo inayowahusu zaidi wanafunzi. Miezi michache kabla ya jaribio hilo, wanafunzi wa shahada ya kwanza katika kozi ya Zimbardo waliigiza jela ndani ya bweni lao, likiwa ni zoezi la darasa. Mmoja wa walioliongoza zoezi hilo akafanywa mkuu wa jela katika jaribio kubwa, na kanuni nyingi walizowekewa wafungwa zilitokana na zile za bwenini. Mtafiti Mfaransa Thibault Le Texier, aliyechimbua nyaraka na kanda za Stanford na kuchapisha aliyoyakuta mwaka 2018 na 2019, alionyesha pia kuwa askari walielekezwa namna ya kuwabana wafungwa. Katika kanda moja mwanafunzi yule anasikika akimsihi askari mpole aongeze ukali kwa manufaa ya utafiti.

Mtu akihimizwa kuwa mkali, kisha mtafiti akaandika kwamba ukali ulizuka wenyewe, washiriki wameumizwa bure na matokeo hayana thamani. Mbinu na maadili viliharibika kwa pamoja, na kwa sababu ileile. Zimbardo alikuwa mtafiti mkuu na papo hapo msimamizi wa jela, kwa hiyo hakubaki mtu ambaye kazi yake ni kusema basi. Aliyesema ni Christina Maslach, msomi kijana aliyekuwa ametoka tu kumaliza shahada ya uzamivu. Kwa maelezo ya Zimbardo mwenyewe, zaidi ya watu 50 wa nje walikuwa wameiona jela ile bila kuhoji uhalali wake.

Na kibali kilikuwepo. Kamati ya chuo iliupitisha utafiti, na vijana wale walitia saini fomu za ridhaa.

Hilo lapaswa kuwashtua wahadhiri wa Afrika Mashariki. Kenya ina NACOSTI inayotoa leseni za utafiti. Tanzania ina COSTECH, na NIMR kwa tafiti za afya. Taasisi hizo zinahitajika sana. Tatizo ni kwamba wanafunzi wengi hukutana na maadili ya utafiti kwa mara ya kwanza wakati wa kuhangaikia saini na muhuri, mwaka wa mwisho, siku za kwenda uwandani zikiwa zimekaribia. Muhuri ukipatikana, dodoso linarushwa kwenye kundi la WhatsApp likiuliza kuhusu sonona, kipigo cha nyumbani au mawazo ya kujiua, bila hata namba moja ya simu ya mshauri kwa yule ambaye swali limemtonesha kidonda. Mwingine hugawa dodoso darasani mhadhiri akiwa amesimama mbele. Nani atakataa? Hiari ya namna hiyo ina shaka, na majibu yake vilevile, kwa kuwa anayejibu kwa kumwogopa mwalimu huandika kile anachodhani mwalimu anataka kukisoma.

Gharama ya ridhaa mbovu Nairobi inaijua. Mwaka 2023 maelfu ya watu walipanga foleni ili mboni za macho yao zipigwe picha na mradi wa Worldcoin kwa malipo ya sarafu ya kidijitali yenye thamani ya takriban Sh7,000, hadi serikali ikausimamisha mwezi Agosti. Mei 2025 Mahakama Kuu iliamuru data hizo zifutwe, ikiikataa ridhaa iliyopatikana kwa kishawishi cha malipo. Mwanafunzi wa saikolojia aliyefundishwa vizuri angeuliza swali la mahakama tangu siku ya kwanza ya foleni.

Kuna pia suala la kupika data, ambalo vyuoni husemwa kwa sauti ya chini. Diederik Stapel, profesa wa saikolojia ya jamii huko Tilburg, Uholanzi, aligundulika mwaka 2011 kuwa amekuwa akibuni data kwa miaka mingi, na makala zake 58 zimeondolewa kwenye majarida. Waliomfichua ni watafiti vijana wa idara yake, walioona takwimu zake haziingii akilini. Walihitaji ujuzi wa mbinu ili waone kasoro, na ujasiri ili wamripoti mkubwa wao.

Wapo wanaodai kuwa masharti ya maadili huifunga sayansi mikono. Utafiti wa Alex Haslam na Stephen Reicher, uliorushwa na BBC mwaka 2002, unawajibu. Nao uliwaweka wanaume 15 katika jela ya kuigiza, ila kamati huru ilikuwa na uwezo wa kuusimamisha wakati wowote, na askari hawakuelekezwa kuwa wakatili. Askari wale walishindwa kushikamana, baadhi wakaona haya kutumia mamlaka, na wafungwa wakauvunja utaratibu wote. Kazi ilisimamishwa siku ya nane, ikiwa imeeleza mengi kuhusu dhuluma kuliko ile ya 1971.

Idara za saikolojia zihamishie maadili mwaka wa kwanza, ndani ya somo lenyewe la mbinu. Wanafunzi watano wafanye utafiti mmoja uliopangwa vizuri badala ya kila mmoja kuhangaika na dodoso lake dhaifu. Warudie tafiti maarufu katika mazingira yao: mwaka 2015 wanasayansi waliporudia tafiti 100 za saikolojia, ni asilimia 36 tu zilizotoa tena matokeo yenye uzito wa kitakwimu. Nyingi ya tafiti zilizomo vitabuni zilifanywa kwa Wamarekani na Wazungu, hivyo kazi ya kuzipima Mwanza au Kisumu bado ni kubwa.

Na msomaji atakayeletewa dodoso na mwanafunzi amuulize ni nani atakayeyaona majibu, yatatunzwa wapi, na msimamizi wake anapatikana kwa namba gani. Asiporidhika, anayo haki ya kukataa, au kuacha katikati, bila kueleza sababu.