Mastaa wa "Dawa za Makovu", Mtatuharibu Mpaka Lini?

Jamani, hili nimelinyamazia vya kutosha, leo acha niliseme. Siku hizi staa akikosa dili anapiga picha na kikopo kisicho na lebo, anaandika "inafuta makovu ya moto ndani ya siku 7", chini wadada kibao wanaulizia bei. Simtaji mtu, wanajijua.

Ukweli ni huu: ngozi iliyoungua haiokolewi na kikopo, inaokolewa na maji. Umebabuliwa na ekzosi ya bodaboda, mafuta ya chipsi au pasi ya nywele? Vua pete na bangili kabla hapajavimba, kisha weka hapo kwenye maji ya bomba yanayotiririka kwa dakika 20. Ndiyo, 20, siyo mbili! Bomba halitoi? Mwagia taratibu kwa kopo. Barafu hapana, inaumiza ngozi zaidi. Dawa ya meno, yai na unga vibaki jikoni, vinaganda kwenye kidonda na kuleta vijidudu. Na lengelenge usilipasue, ile ngozi ya juu ni bandeji ya bure.

Halafu weusi na kovu ni vitu viwili tofauti, na hapo ndipo wanapotupigia hela. Kidonda kidogo kikipona ndani ya wiki mbili, mara nyingi hakiachi kovu, kinaacha weusi tu, nao unafifia wenyewe baada ya miezi. Kazi yako ni kupaka vaselini, kukinga na jua na kuacha kubandua magamba. Kikifika wiki tatu hakijafunga, kovu linaweza kubaki, na sisi weusi keloidi tunazijua. Hapo tafuta daktari, siyo staa.

Kwenye hivyo vikopo kuna nini? Hawasemi! Mikorogo mingi ya kung'arisha ngozi imekutwa na zebaki, haidrokwinoni au steroidi. Zebaki na haidrokwinoni zimepigwa marufuku kwenye vipodozi hapa Tanzania. Steroidi ndiyo inachelewesha kidonda kupona na kuifanya ngozi iwe nyembamba. Yaani unatoa hela yako ili kidonda kisipone!

Najua mtasema "mwacheni atafute riziki". Atafute! Auze mawigi, auze madera, tutanunua. Ila kumuuzia mtu mwenye kidonda kitu usichojua kimechanganywa nini siyo riziki, ni ukatili. Mbona ukiungua wewe unakimbilia hospitali, hatuoni ukijipaka hicho kikopo?

Na wadada wenzangu, ukiungua usoni, mikononi, kwenye kiungo au sehemu za siri, au eneo kubwa kuliko kiganja chako, au ni umeme, au aliyeungua ni mtoto, ukishamaliza kupoza kwa maji nenda hospitali. Usianze kuomba ushauri kwenye magrupu.

Haya wadau, nani keshalizwa na hivi vikopo? Mwageni kwenye komenti, ila majina kaeni nayo.