Mwalimu alisema... wapi?

Tangu Mwalimu Nyerere afariki Oktoba 14, 1999, kila siku hiyo ikifika hakuna mkubwa anayepanda jukwaani bila "kama alivyosema Baba wa Taifa". Rushwa, Mwalimu alisema. Visima, Mwalimu alisema. Hata mbolea!

Mwaka mmoja nikamfuata mheshimiwa mmoja baada ya hotuba. Shikamoo mzee, maneno yale Mwalimu aliyasema katika kitabu kipi? Akacheka, akanipigapiga begani: "Nyie wasomi mna taabu sana." Akaingia kwenye gari, kioo kikapanda.

Jamani! Huyu tunayemfanya pambo la hotuba alitafsiri Shakespeare kwa Kiswahili akiwa rais. Tafsiri yake ya Julius Caesar ilitoka 1963, Mabepari wa Venisi ikafuata 1969. Nchi changa, shida tele, na bado alipata muda wa kukaa na kitabu. Hawa wetu muda hawana. Wa kukata utepe wanao.

Ila nisijifanye malaika. Jioni ile ile nilirudi chumba cha habari nikaandika "kama alivyosema Mwalimu", mhariri akapitisha, asubuhi likatoka na jina langu juu. Sikuwa nimehakikisha chochote. Na digrii ninayo!

Hivi kumuenzi mtu ni kumtaja au kumsoma? Mimi nasema kumsoma, na kumbishia pale alipokosea. Nimeanza na nakala kuukuu niliyoipata kwa wauza vitabu vya mtumba. Wewe mwenzangu, umesoma kipi?