Gari si sufuria: kuosha na kung'arisha nyumbani bila kuharibu rangi



Mwenzetu mmoja aliposikia kwamba juma hili tutaongea juu ya kuosha gari, alicheka sana. Akasema: «Mwalimu, hiyo ni kazi ya wanaume, umeileta kwetu kwa nini?» Namjibu hapa mbele yenu wote. Mama, tuambiane ukweli: nyumbani kwako nani anashika kitambaa? Bwana anafika jioni na Probox yake imejaa vumbi la barabara ya Taifa namba 5, anasema «osheni hiyo kitu», halafu yeye anaingia kuoga. Wanaobaki uani na beseni ni wewe na watoto. Tena siku hizi kuna vikundi vya wamama vilivyoweka akiba franga kwa franga mpaka vikanunua pikipiki, motari anaiendesha, jioni analeta hesabu. Ile pikipiki ni mali ya kikundi. Siku mtakapotaka kuiuza ili mpate mpya, mnunuzi atazunguka mara mbili akiangalia rangi na kutu kabla hajauliza habari ya injini. Akiona imechubuka, anashusha bei, na hamna la kumjibu.

Sasa, shida yenyewe ni kwamba sisi wamama tunajua kusugua. Tumefundishwa tangu utoto. Sufuria ya aluminiyumu ikiwa nyeusi kwa moshi, tunachukua mchanga wa mtoni, majivu kidogo, tunasugua mpaka inang'aa kama kioo. Na ni sawa, kwa sababu sufuria ni aluminiyumu juu, katikati na chini. Ukiisugua, unaondoa kidogo, na chini yake unakuta aluminiyumu nyingine. Lakini fikiri ile sahani ya emaye, nyeupe yenye maua, ambayo bibi alikuwa anaiwekea wageni. Ukiisugua kwa mchanga miezi michache, maua yanafutika, weupe unapasuka, na pale palipopasuka kutu inaanza. Gari ni sahani ya emaye, si sufuria. Ni tole la chuma lililovikwa nguo nyembamba.

Nguo yenyewe ni nyembamba kuliko mnavyodhani. Rangi yote ya gari lililotoka kiwandani, tangu kwenye chuma mpaka juu, ina unene wa kama mikroni 100 hadi 150, na mikroni 1000 ndiyo milimita moja. Juu kabisa kuna verni, ile isiyo na rangi inayoleta mng'aro. Hiyo verni peke yake ni mikroni 40 au 50 hivi. Unywele mmoja wa kichwa chako una karibu 70. Kwa hiyo kinachoangalia jua, mvua na kitambaa cha mtoto wako kila siku ni kitu chembamba kuliko unywele. Kikiisha hakioti tena, fundi wa garaji ndiye atakayekirudisha, na yeye hafanyi kazi ya bure.

Adui wa kwanza ni vumbi letu. Kati ya mwezi wa sita na wa tisa kila kitu katika bonde la Ruzizi kinakuwa na rangi moja, mnajua. Vumbi hilo lina punje ndogo za mchanga, na mchanga ni mgumu kuliko verni. Mtu anayechukua kitambaa kikavu na kufuta gari «haraka haraka tu» anasaga punje hizo juu ya rangi. Jua likipiga, utaona mistari midogo midogo inayozunguka kama utando wa buibui. Hiyo mistari haikuletwa na barabara, imeletwa na kitambaa. Kama hakuna maji siku hiyo, acha gari na vumbi lake. Gari chafu halijaharibika.

Adui wa pili ni sabuni ya unga. Najua OMO iko katika kila nyumba, na inatoa povu tamu kwa macho. Lakini imetengenezwa kwa kung'oa mafuta na jasho katika nguo, kwa hiyo inang'oa pia nta yote inayolinda verni. Punje zake zisizoyeyuka zinakwaruza, na ikikaukia juu ya tole lenye moto inaacha alama. Majivu ni vilevile, maana yana magadi. Na ile sponji ya chuma ya kusugulia vyungu, tafadhali, isikaribie gari hata kwa kuangalia. Ukipata shampuu ya gari mjini Uvira, chupa moja inaenda mbali, maana unatia kidogo tu katika ndoo. Ukiikosa, shampuu ya nywele isiyo kali, kijiko kimoja katika ndoo nzima, inatosha. Sabuni ya maji ya vyombo haitaua rangi siku moja, lakini nayo inaondoa nta. Ukiitumia, ujue unapaswa kupaka nta upya.

Adui wa tatu atawashangaza: maji ya ziwa. Maji ya Tanganyika yana chumvi za mawe nyingi, na sehemu kubwa inatoka Ziwa Kivu, inaletwa na Ruzizi. Wanaoyapima wanakuta pH yake inakaribia 9, yaani yanaelekea upande wa sabuni, si upande wa ndimu. Samaki wetu wameyazoea. Rangi ya gari haikuyazoea. Tone likikauka juani, maji yanakwenda juu na chumvi inabaki, doa jeupe la mviringo. Ukiliacha siku nyingi linaingia ndani ya verni. Maji ya mvua uliyokinga kwenye bati ndiyo bora kwa kusuuza. Ya bomba yanafaa. Ya ziwa, kama ni hayo tu uliyo nayo, yatumie, lakini kausha gari mara moja. Doa ambalo limeshakaa, changanya siki, ile vinegre ya dukani, na maji kiasi sawa, weka kwa kitambaa dakika moja, futa, kisha suuza vizuri.

Na kupeleka gari lenyewe ndani ya ziwa au mtoni? Hapo sitazunguka. Mnaona magari yameegeshwa matairi ndani ya maji, mafuta ya injini yanaelea kama upinde wa mvua, na hatua ishirini chini yake mama anajaza bidoni ya kupikia. Kipindupindu na kichocho tunavijua kwa majina na kwa makaburi. Mtoto anayesimama nusu saa na miguu majini akisugua matairi anaweza kupata kichocho, na hata viboko hawamwombi ruhusa. Nchi nne za ziwa hili, yaani Kongo, Burundi, Tanzania na Zambia, zilitia sahihi mkataba wa kulitunza mwaka 2003 huko Dar es Salaam. Mkataba ni karatasi nzuri. Lakini bidoni tatu za lita 20 zinatosha gari zima, na pikipiki moja inatosheka na moja. Mlete maji kwenye gari, msipeleke gari kwenye maji.

Sasa kazi yenyewe. Chagua asubuhi kabla jua halijapanda, au baada ya saa kumi. Weka mkono juu ya kapo. Ukihisi moto, ngoja. Tafuta kivuli, ila si chini ya mwembe, utomvu na ndege vitakurudisha mwanzo. Funga madirisha (mnacheka, lakini yametokea).

Mwaga maji kwanza, bila kugusa, kutoka juu ya paa kushuka. Acha yaondoke na mchanga. Mwaga mara ya pili. Hatua hii ndiyo watu wanairuka wakitaka kubana maji, na ndiyo inayookoa rangi kuliko shampuu ya bei yoyote.

Halafu ndoo mbili. Moja ina sabuni, nyingine ina maji matupu. Kitambaa kinaingia kwenye sabuni, kinaosha sehemu moja, kinakwenda kuoga katika ndoo ya maji matupu mpaka mchanga ushuke chini, kikamuliwe, ndipo kirudi kwenye sabuni. Ukitumia ndoo moja, unachukua mchanga wa mlango huu na kuupeleka mlango ule. Anza paa, vioo, kapo, milango ya juu, mwisho sehemu za chini ambako uchafu umejaa. Pitisha kwa mistari iliyonyooka, bila kuzungusha, bila kukaza mkono. Kitambaa kiwe cha pamba laini: fulana ya zamani iliyokatwa vifungo na mishono, au nepi ya kitambaa ya mtoto aliyekwisha kukua. Vile vya mikrofibri ni bora zaidi ukivipata. Kitenge kipya hakifai, hakinywi maji. Kikianguka chini, kimeshakuwa cha matairi, usikirudishe juu hata ukikipiga-piga. Matairi na rimu ziwe na kitambaa chao cha pekee siku zote.

Kinyesi cha ndege na wadudu waliokauka mbele usivikwangue kwa kucha. Laza kitambaa kilicholowa juu yake dakika kumi, kitalegea na kutoka chenyewe. Ila usikingoje Jumamosi, maana kwa jua letu kinakula verni kwa siku chache.

Suuza, kisha kausha kwa taulo safi, ukiilaza na kuivuta taratibu. Inama uangalie chini ya milango: kuna matundu madogo ya kutolea maji. Yakizibwa na matope, maji yanalala ndani ya mlango na kutu inaanza mahali ambapo hakuna anayepaona. Kijiti chembamba kinatosha kuyafungua. Ondoa pia matope yaliyoshikamana ndani ya maficho ya matairi, hasa wakati wa mvua. Mimi naona hii ni kubwa kuliko kung'aa. Gari likifa kwa kutu, mara nyingi linafia huko chini huku kapo bado linawaka.

Tuje kwenye kung'arisha, ambako watu wanachanganya vitu viwili. Polishi na nta si kitu kimoja. Polishi ina unga mwembamba sana unaosaga juu ya verni ili mikwaruzo isawazike. Yaani kila ukipiga polishi unapunguza kile kilicho chembamba kuliko unywele. Mara moja kwa mwaka ni nyingi tayari, na gari lisilo na mikwaruzo halihitaji kabisa. Dawa ya meno nayo ni polishi, haina huruma, na gari la zamani haliiwezi. Nta haiondoi chochote, inafunika. Iliyo maarufu inatoka kwenye majani ya mti wa Brazili wa jamii ya mnazi uitwao carnauba. Paka kidogo, sehemu moja moja, kivulini, gari likiwa limekauka. Ngoja iwe ukungu, kisha futa kwa kitambaa kilichokunjwa mara mbili. Ukikikunja hivyo unapata nyuso nane safi za kugeuza. Rudia baada ya miezi mitatu hivi. Utajua nta imekwisha pale maji ya mvua yasipojikusanya tena kama shanga.

Gari la zamani sana huenda halina verni. Jaribu mahali pa kujificha kwa kitambaa cheupe na polishi kidogo: kikitoka na rangi ya gari, verni haipo, nenda polepole zaidi.

Kuna wanaopaka mazuti au petroli ili ling'ae. Linang'aa, ndiyo, mpaka kona ya kwanza. Baada ya hapo vumbi lote la bonde linashikamana nalo, na raba za milango zinavimba. Maji ya breki ndiyo mabaya kuliko yote, yanavua rangi. Yakidondoka, mwaga maji mengi papo hapo, usifute.

Kwa wenye pikipiki, sheria ni hizo hizo, na tatu za kuongeza. Injini ipoe kwanza, kisha ziba tundu la bomba la moshi kwa mfuko. Usipake nta wala mafuta juu ya kiti, maana abiria mwenye mtoto mgongoni atateleza, wala karibu na breki na uso wa tairi. Na mnyororo, ukishakauka, utiwe mafuta siku hiyo hiyo.

Wenye kupeleka gari kwa vijana waoshaji, msiwagombeze. Wanatafuta mkate kama sisi. Wapelekee vitambaa vyenu viwili na shampuu yenu, simameni pale, na waombeni wamwage maji kwanza kabla ya kugusa. Kijana akiona mama anajua, naye anajifunza, na wiki ijayo atamfanyia mwingine hivyo.

Maji machafu yakibaki ndoani, yamwage mbali na kisima na bustani ya lengalenga. Na kabla gari au pikipiki haijarudi barabarani, iendeshwe polepole mita chache, breki ikiguswa mara tatu nne, kwa sababu breki iliyolowa haishiki mara moja.