Usiifungie Apdeti, Angalia Diski Kwanza

Likizo ndefu ikikaribia, ushauri unaozunguka hosteli ni uleule: "Mwanangu, ukifika home zima apdeti, itaua mashine." Anayesema hivyo ana sababu zake. Wengi wetu tunaorudi Pwani tunamalizia ripoti ya field au sura za utafiti kwenye kompyuta ya mezani ya familia, ile inayofunikwa kitambaa sebuleni, mdogo wako anachezea gemu na mzee anatunzia hesabu za kuku. Intaneti ni ya simu. Ukiunganisha tu umtumie msimamizi kazi, masasisho yanashuka kimyakimya, bando la wiki linayeyuka, halafu mashine inaanza kujivuta.

Hata hivyo mimi nasema tusiyazime. Lawama nyingi tunazoitupia apdeti ni za diski.

Mashine ikizubaa baada ya masasisho, fungua Task Manager. Mara nyingi utakuta prosesa imetulia, lakini diski iko asilimia 100. Masasisho yakishashuka hufunguliwa, mafaili mengi hubadilishwa, na programu ya kuzuia virusi huyakagua upya. Diski ya zamani, yenye sahani zinazozunguka, inasoma kwa mkono unaokimbia huku na kule. Ukiipa kazi nne kwa mpigo inakuwa kama konda anayedai nauli, kuita abiria na kurudisha chenji kwa wakati mmoja. SSD haina kitu kinachozunguka. Kompyuta yetu ya Kibaha ilikuwa inachukua kama dakika saba kuwaka. Niliifunga SSD kwa hela niliyobakiza kwenye boom, RAM ikabaki GB 4 zilezile, masasisho sikuyagusa. Sasa haimalizi dakika moja.

Sisemi kampuni za programu ni malaika. Januari 2018, baada ya kugundulika kasoro za prosesa zilizoitwa Meltdown na Spectre, Microsoft yenyewe ilikiri kwamba marekebisho yake yangepunguza kasi, hasa kwa kompyuta zenye prosesa za zamani. Upande wa simu, Apple ilikubali Desemba 2017 kwamba masasisho yalipunguza kasi ya iPhone zenye betri zilizochoka, na mwaka 2020 Ufaransa ikaitoza faini ya euro milioni 25 kwa kutowaambia wateja. Kwa hiyo mwenye wasiwasi hajachanganyikiwa. Ila kasi inayopungua kidogo na sura ya tatu inayopotea yote si hasara moja.

Nasema hivyo kwa sababu ya rafiki yangu wa Kisarawe. Kompyuta ya kwao fundi aliifungia masasisho yote, pamoja na ya programu ya kuzuia virusi, "ili iwe nyepesi". Na kweli ilikuwa nyepesi. Kisha flashi ikatoka kuprintiwa steshenari, ikachomekwa nyumbani, mafolda yote yakageuka njia za mkato. Baadhi ya mafaili yalikuwa yamefichwa tu, akayarudisha. Data za dodoso hazikuonekana tena. Alirudi vijijini kuhoji watu upya, nauli juu yake.

Dunia nzima ililiona hilo kwa ukubwa wake Mei 2017, kirusi cha WannaCry kilipofunga kompyuta katika nchi nyingi, hospitali za Uingereza zikiwemo. Marekebisho ya tundu kilimopitia yalishatolewa Machi mwaka huohuo. Walioumia wengi walikuwa hawajayaweka.

Halafu kuna suala la Windows 10. Tangu Oktoba 14, 2025 haipati tena masasisho ya kawaida ya usalama. Microsoft iliruhusu watumiaji wa nyumbani kujiandikisha kwa masasisho ya ziada hadi Oktoba 13, 2026, na kuna njia ya kufanya hivyo bila kulipa ukitumia akaunti yao. Windows 11 inataka TPM 2.0 na prosesa mpya kiasi, na mashine nyingi za mtumba hapo zinagonga mwamba. Fundi anaweza kuipitisha kwa mlango wa nyuma, lakini mashine ya namna hiyo haina uhakika wa masasisho. Wapo watakaosema hamia Linux Mint. Wazo zuri, jaribu wewe kumwondolea mzee Excel yake.

Kuhusu bando, dawa ipo. Kwenye mipangilio ya mtandao, weka kwamba muunganisho wako unapimwa, "metered connection", na Windows itaacha kushusha mengi bila ruhusa. Unaweza pia kuahirisha masasisho hadi siku 35, kazi iishe kwanza. Ya kila mwezi hutoka Jumanne ya pili, saa mbili au saa tatu usiku kwa saa zetu, basi usiku huo usipange kutuma tasnifu.

Serikali yetu ya wanafunzi nayo ina la kufanya. Masasisho ya kila mwezi yanapatikana kama faili kwenye Microsoft Update Catalog. Kitengo cha TEHAMA kiyashushe kwa intaneti ya chuo, kiyaweke kwenye kompyuta moja ya maabara, kila anayekwenda likizo achukue kwa flashi toleo linalofaa mashine ya kwao. Waziri wa Elimu wa serikali hiyo apeleke ombi hili kabla mitihani haijaanza. Na flashi hizo zikaguliwe virusi hapohapo mlangoni.