Sabuni gani kwa shu zetu?

Wandugu wanafunzi, na ninyi walimu wetu,

Wote mmeona ile mistari miwili ya shu nyuma ya jikoni: majani yamekuwa kama yamepitishwa kwa moto. Wengi wanasema ni wadudu. Hapana, ni sisi. Sisi wa mwaka wa sita tulichukua sabuni ya unga, tukaimwaga ndani ya pompi bila kupima, tena tukapuliza saa sita, jua kali. Wadudu walikufa, ndiyo, lakini na shu ilikufa pamoja nao. Ilikuwa shu ya kula na bugali. Ninyi mnaolala hapa shuleni mnajua maana yake.

Sasa wengine wanasema tuache mambo ya sabuni, tununue dawa ya duka. Sisi tunakataa. Kosa haliko kwa sabuni, liko kwa kuchagua vibaya. Sabuni ya kweli inatoka kwa mafuta na soda. Ile ya unga inatengenezwa namna ingine, na mara nyingi iko na vitu vya kung'arisha nguo vinavyochoma jani. Ya kuoga nayo iko na manukato na rangi. Inayofaa ni sabuni ya kipande ya mafuta ya mawese, isiyo na manukato. Lakini kama inawasha mikono, soda yake imezidi: tuiache.

Tupime kijiko kimoja cha sabuni iliyokwanguliwa kwa litri moja ya maji ya moto, ipoe, tuichuje. Tunaweza kuongeza maji ya pilipili iliyotwangwa, tukichunga macho. Tumbaku hapana: sumu yake iko hatari hata kwa mtu. Kwanza tujaribu majani machache, tungoje siku mbili. Kisha tupulize jioni, chini ya majani, kwa sababu sabuni inaua tu vidudu laini inavyovilowesha. Viwavi vikubwa tutaviokota kwa mikono. Na mboga tuioshe mbele ya kupika.

Mtauliza: sabuni itatoka wapi, na yetu ya kufua haitoshi? Kila siku tunaacha vipande vidogo pale pa kufulia, vinayeyuka bure. Tuviweke ndani ya mkebe mmoja.

Jumamosi sisi tuliounguza tutalima tena ile mistari miwili. Hatulazimishi mtu. Mwenye kupenda shu aje na jembe.

Kapita wa wanafunzi, mwaka wa sita