Mbinga: anayebana senti kwenye waya atalipa kwenye stoo

Msimu wa kahawa unapofunguliwa Mbinga, biashara zote hupata uhai. Maduka ya pembejeo, ya vifaa vya ujenzi na ya nguo hujaza mali. Tangu mwaka 2018 kahawa ya wakulima huuzwa kupitia vyama vya msingi vya ushirika, lakini shilingi ya mkulima, hata ikipitia benki, mwisho wake ni kwenye droo ya dukani. Huko chini ziwani, Mbamba Bay na Liuli, mfanyabiashara wa usipa naye hulala na magunia ndani. Mwizi anaijua kalenda hiyo sawasawa na mwenye mali.

King'ora cha wezi basi si anasa tena kwa mwenye nyumba yenye stoo. Kosa linalofanyika ni katika mgawanyo wa fedha. Mnunuzi hulipia sanduku lenye vitufe vingi na taa za kupendeza, kisha humwachia fundi atafute waya wowote wa bei rahisi. Kibiashara, huo ni uwekezaji uliopinduliwa. Sanduku likiharibika hubadilishwa kwa nusu saa. Waya uliozikwa ukutani hubadilishwa kwa kubomoa plasta.

Hesabu yenyewe ni nyepesi. Waya wa kawaida wa king'ora wenye unene wa milimita za mraba 0.22 una ukinzani wa omu 8 hivi kwa kila mita 100, na umeme lazima uende na urudi. Chukua stoo iliyo mita 60 kutoka nyumbani, yenye king'ora kinachokula ampea 0.3. Kati ya volti 12 zinazotoka kwenye betri, karibu 3 hupotea njiani. Ukiwa waya wa alumini uliopakwa shaba, ambao umejaa sokoni, hupotea zaidi ya 4, na zinazobaki hazifiki 8. King'ora hapo hulia kwa unyonge au hakilii kabisa. Waya wa shaba wa milimita ya mraba 1 kwa umbali huo huo hupoteza volti 0.6 tu.

Kuutambua waya wa alumini hakuhitaji utaalamu. Mnunuzi aombe kipande, akwangue kwa kisu: shaba halisi ni nyekundu hadi ndani, ya kupakwa hung'aa nyeupe. Uzito nao husema, kwani roli la alumini ni jepesi mno mkononi.

Kwa vifaa vidogo vya kuhisi mwendo, waya mwembamba wa shaba unatosha, lakini uwe wa kori 6: mbili za umeme, mbili za kupeleka taarifa, na mbili za kulinda waya wenyewe. Mzunguko huu wa mwisho hukaa umefungwa saa zote. Mwizi akikata waya, king'ora hulia. Fundi anayeacha kori hizo mbili bila kuziunga amemuuzia mteja nusu ya ulinzi.

Upitishaji una masharti yake. Kila mlango na kila kifaa kiwe na waya wake hadi kwenye sanduku, bila viungo vya kusokota katikati. Karibu na ziwa, unyevu hula viungo hivyo haraka. Waya upite juu ya dari ndani ya bomba la plastiki, ambako panya hawaufikii kwa urahisi. Usilale bomba moja na nyaya za umeme wa nyumba, maana huleta hatari na king'ora cha uongo. Zikibidi kukutana, zikatane kama msalaba. Na kabla ya plasta kupakwa, fundi apime kila kori mbele ya mwenye nyumba.

Songea iliunganishwa na gridi ya taifa mwaka 2018 kwa njia ya kilovolti 220 kutoka Makambako, lakini umeme hukatika bado. Betri ya ampea-saa 7, mfumo ukitumia ampea 0.1, kwa hesabu hudumu saa 70. Ikizeeka hudumu pungufu, hivyo ipimwe kabla ya kila msimu.

Wapo wanaosema mbwa na mlinzi wanatosha. Mlinzi ni muhimu, na king'ora bila majirani wa kuitika ni kelele tu. Ila mlinzi husinzia, na mbwa hulishwa sumu. Mfanyabiashara aliyekwisha kutenga fedha ya ulinzi afanye jambo moja: apunguze kwenye sanduku, aongeze kwenye shaba. Mali iliyoibwa usiku wa king'ora bubu hairudishwi na senti zilizookolewa kwenye roli la waya.